Besi ilikuwa humu humu ndani

Wadau, kama laptopu yako inasikika kama redio ndogo ya betri, usikimbilie kununua spika. Yangu, tangu niiwekee Linux (mfumo endeshi, kama Windows), muziki ulitoka mwembamba, na nikichomoa hedifoni spika zinabaki kimya.

Ukimya niliumaliza kwa alsamixer, programu ya kurekebisha sauti. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika jina hilo, bonyeza F6 uchague kadi ya sauti. Ukiona MM chini ya mstari wowote, ujue umezimwa. Herufi M inauwasha. Angalia pia Auto-Mute Mode, ndiyo inayozima spika hedifoni ikichomekwa. Kwangu ilikuwa haitambui kwamba imeshachomolewa! Nikaiweka Disabled, kisha nikaandika amri sudo alsactl store kwenye terminali ili mipangilio ihifadhiwe.

Besi ndiyo iliyoninyima usingizi. Kumbe mashine hii ina spika ya besi ya peke yake, ila draiva (programu inayoendesha chipu ya sauti), snd_hda_intel, iliiona pini yake, yaani mguu wa chipu inakounganishwa, kama haijaunganishwa na kitu. Programu ya hdajackretask inaonyesha pini zote za chipu ya sauti, mradi uweke tiki kwenye Show unconnected pins. Ile pini nikaipa kazi ya Internal speaker (LFE), yaani spika ya ndani ya besi, nikabonyeza Install boot override, nikawasha upya. Weee! Jirani akagonga ukuta.

Ukikosea pini usihofu, Remove boot override inarudisha yote yalivyokuwa. Sasa nachezea ikwalaiza ya EasyEffects, ile inayotumia PipeWire, mfumo wa kusafirisha sauti ndani ya Linux. Kazi za ofisi zitasubiri, leo ni taarabu tu.