Volti 1 Iliyokuwa 12: Nilivyoweka Vihisi vya Kompyuta ya Duka Letu Busia

Duka letu la kuchapa na kupiga fotokopi liko Busia, upande wa Uganda, karibu na barabara ambayo malori hupanga foleni yakisubiri kuvuka kwenda Kenya. Kompyuta iliyo nyuma ya kaunta ndiyo inayohifadhi mitihani ya shule, barua za wateja na fomu za wafanyabiashara, na kompyuta nyingine mbili huchukua mafaili kutoka kwake. Katikati ya kiangazi ilianza kuzimika ghafla. Haikuganda wala haikuonyesha ujumbe wowote. Ilikata tu, kana kwamba mtu amechomoa waya ukutani. Mara ya nne ilizimika mwalimu mkuu akiwa amesimama kaunta anangoja nakala za mtihani wa asubuhi iliyofuata, na ilitubidi tufanye kazi hadi saa nne usiku.

Fundi tuliyemwita hakuhitaji hata kukaa. “Mzee, hilo ni joto tu. Vumbi la hapa linaua mashine,” aliniambia, akapendekeza tununue feni mpya siku hiyohiyo. Nilimshukuru, lakini nilimwomba anipe wiki moja. Vumbi la Busia nalijua, na alichosema kiliwezekana kabisa. Hata hivyo kompyuta ina vihisi vyake yenyewe, na niliona si vyema kununua kifaa kabla ya kusoma kile ambacho mashine inajipimia.

Mashine yetu inatumia mfumo endeshi wa Linux. Ndani yake vipimo hutoka sehemu mbili zisizohusiana, na kulielewa hilo mapema kuliniokoa baadaye. Sehemu ya kwanza ni prosesa yenyewe, chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta: prosesa za Intel zina kihisi cha joto ndani ya kila kiini, yaani kila sehemu yake inayofanya hesabu, nacho husomwa kupitia moduli (kipande cha programu) ya kerneli, moyo wa Linux, iitwayo coretemp. Sehemu ya pili ni chipu ndogo iliyo kwenye bodi mama (bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote), ambayo hupima volteji, huhesabu mizunguko ya feni na husoma joto la sehemu nyingine za bodi. Kwetu chipu hiyo ni ya Nuvoton, aina ya NCT6779D, na moduli yake ni nct6775. Kerneli huweka vipimo vyote katika folda ya /sys/class/hwmon, joto likiandikwa kwa elfu za digrii na volteji kwa elfu za volti, na programu ya lm-sensors huvigeuza kuwa namba ambazo mtu anaweza kuzisoma.

Nilisakinisha lm-sensors, kisha nikaendesha amri ya sensors-detect, ambayo hutafuta chipu zilizopo kwa kuuliza maswali mengi mfululizo. Ushauri wa kawaida ni kubonyeza Enter kila mara, kwa sababu jibu lililopendekezwa ndilo salama, nami nilifanya hivyo hadi mwisho. Kasoro ni kwamba swali la mwisho kabisa, linalouliza kama moduli zilizopatikana ziandikwe katika faili la /etc/modules, jibu lake lililopendekezwa ni hapana. Asubuhi iliyofuata, baada ya kuwasha mashine upya, joto la prosesa lilionekana kwa kuwa coretemp hujipakia yenyewe, lakini volteji na feni zote zilikuwa zimetoweka. Nilipoteza karibu saa nzima nikidhani chipu imekufa. Nilirudia amri ile, safari hii nikaandika “yes” mahali hapo, na tangu siku hiyo vipimo havijatoweka tena.

Ukurasa wa kwanza wa vipimo ungeweza kumtisha mtu yeyote. Kihisi kimoja cha joto kilichoandikwa AUXTIN1 kilisema digrii 127. Feni ya nyuma ya kasha ilisomeka mizunguko 0. Mstari ulioitwa in4 ulionyesha volti 1.00, mwingine uitwao in1 ulionyesha 1.01, na karibu kila mstari wa volteji ulimalizika kwa neno ALARM. Kama ningeuamini ukurasa ule jinsi ulivyokuwa, ningenunua feni, bodi na pengine kompyuta nzima.

Nilianza na yale yaliyo rahisi. Digrii 127 hazikuwa joto la kitu chochote: chipu ina nafasi nyingi za vihisi kuliko vile ambavyo mtengenezaji wa bodi ameviunganisha, na nafasi isiyo na kihisi hutoa namba yoyote, kubwa kupita kiasi au hata chini ya sifuri. Feni ya nyuma nayo nilipoifungulia kasha niliikuta inazunguka vizuri; waya zake zilikuwa mbili tu na zilikwenda moja kwa moja kwenye pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme. Feni hutoa taarifa ya mwendo kwa waya wa tatu, ikituma mipigo miwili kwa kila mzunguko, na chipu huhesabu mipigo hiyo. Pasipo waya huo, sifuri ndiyo jibu pekee ambalo chipu inaweza kulitoa. Neno ALARM pia lilikuwa na sababu nyepesi: mipaka ya juu na ya chini ilikuwa haijawekwa, yote ilisomeka 0.00, kwa hiyo kila volteji ilihesabiwa kuwa imevuka mpaka.

Suala la volteji ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi, na ningependa kulieleza kwa utaratibu kwa sababu naamini wengi huachia hapo. Kipimaji cha chipu hakiwezi kupokea volti 12 moja kwa moja, kingeungua. Mtengenezaji wa bodi huweka rezista mbili, vipande vinavyozuia umeme, zinazoigawa volteji hiyo hadi iwe ndogo, na chipu hupima kile kilichobaki. Mgawanyo huo hutofautiana kati ya bodi na bodi, wala programu haina njia ya kuujua. Ndiyo maana in4 ilisema volti 1.00 bila kosa lolote: ilikuwa imepima kwa uaminifu kile kilichoifikia, na ilibaki mimi kuiambia maana yake.

Niliwasha mashine na kuingia katika ukurasa wa BIOS (programu inayotangulia Linux mashine inapowaka) unaoonyesha vipimo, ambapo mtengenezaji tayari ameweka hesabu zake mwenyewe. Hapo palisomeka 12.00 na 5.04. Ukizidisha 1.00 kwa 12 unapata namba ya kwanza, na 1.008 (ile 1.01 ya in1 kabla ya kufupishwa) ukiizidisha kwa 5 unapata ya pili. Hata hivyo sikutaka kuiamini BIOS peke yake, kwa kuwa inasoma chipu ileile. Nilichukua multimita, kipima umeme cha mkononi, nikaingiza ncha zake katika plagi ya pawa saplai iliyokuwa haitumiki, ncha nyeusi kwenye waya mweusi na ncha nyekundu kwenye waya wa njano. Ilisoma 11.94. Nikahamia waya mwekundu, ikasoma 5.03. Wakati huohuo kijana wangu alikuwa akinisomea namba za kwenye skrini: 12.00, 11.90, 12.00, 11.90, zikirukaruka bila kupita katikati.

Kuruka huko kulinitia wasiwasi hadi nilipopiga hesabu. Chipu hii hupima kwa hatua za milivolti 8. Hatua moja ikizidishwa kwa 12 inakuwa milivolti 96, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya volti, kwa hiyo volteji halisi ya 11.94 haina namba yake na chipu hulazimika kuchagua kati ya 11.90 na 12.00. Tangu hapo sijali tofauti ya hatua moja. Hatua tatu kwenda chini ndizo zinazonifanya nisimame.

Mipangilio yenyewe niliiandika katika faili jipya ndani ya folda ya /etc/sensors.d, si katika faili kuu, ili programu inapoboreshwa kazi yangu isifutwe. Mstari wa kwanza hutaja chipu. Unaofuata, label in4 "+12V", huipa volteji jina lake; halafu compute in4 @*12, @/12 huifanyia hesabu kwenda na kurudi, @ ikiwa ni namba yenyewe. Kwa mipaka nilifuata kiwango cha ATX cha pawa saplai za kompyuta, kinachoruhusu asilimia 5 juu na chini: volti 12 zisishuke chini ya 11.40 wala kupanda juu ya 12.60, na volti 5 zibaki kati ya 4.75 na 5.25. Nafasi za joto zisizo na kihisi nilizifuta kwa neno ignore. Mipaka haianzi kufanya kazi mpaka uendeshe sensors -s kwa mamlaka ya msimamizi, jambo ambalo huduma ya lm-sensors hulifanya yenyewe mashine inapowaka. Nilipoita vipimo tena, ukurasa ulikuwa mfupi, kila mstari una jina, na ALARM haikuwepo hata moja.

Sasa ningeweza kumjibu fundi. Kwa upande wa joto hakukosea: tulipochapa kazi kubwa, viini vya prosesa vilifika digrii 96, na kikomo chake ni 100. Namba hiyo naiamini kuliko ile ya CPUTIN, kihisi cha joto cha kwenye bodi, ambayo wakati huohuo ilisema 41, kwa sababu kihisi cha ndani ya prosesa hupima umbali uliobaki kufikia kikomo na usahihi wake huwa mzuri zaidi kadiri kinavyokikaribia. Tuliifungua mashine. Kati ya feni na mapezi ya alumini vumbi jekundu lilikuwa limeshikana likawa kama kitambaa, likatoka kipande kizima. Tulipuliza, tukafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, iliyokuwa imekauka kama chokaa, tukapaka mpya. Joto lilishuka hadi 68 kwa kazi ileile, na feni haikubadilishwa.

Siku tatu baadaye kompyuta ilizimika tena.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Skripti fupi, yaani orodha ya amri zinazojiendesha, ilikuwa ikiandika vipimo vyote katika faili kila baada ya sekunde 2, na baada ya kila mstari iliita amri ya sync, kwani bila hivyo mistari ya mwisho, ambayo ndiyo inayotafutwa, hubaki kwenye kumbukumbu ya muda na kupotea umeme unapokatika. Nilipofungua faili nilikuta prosesa ikiwa na digrii 63, hali ya kawaida kabisa. Volti 12 ziliteremka namna hii: 11.90, 11.90, 11.71, 11.42, 11.23, kisha hakuna mstari mwingine. Nilikaa kimya mbele ya namba zile kwa muda. Joto lilikuwa tatizo la kweli, ila halikuwa hili.

Dada anayehudumia fotokopi alisogea akatazama, akauliza ilikuwa saa ngapi. Nilipomtajia, alisema, “Baba, kila inapozima, mimi huwa nimetoka kuiamsha mashine ya fotokopi.” Mashine hiyo inapoamka hupasha moto roli lake, na kwa sekunde kadhaa huvuta umeme mwingi. Nilipima soketi kwa multimita wakati akiiamsha: kutoka volti 231 hadi 188. Fotokopi na kompyuta zote mbili zilikuwa zimechomekwa katika waya mmoja mwembamba wa kurefusha, uliokwenda mita nyingi kutoka ukutani.

Tuliihamishia fotokopi kwenye soketi yake yenyewe na kompyuta haikuzimika tena wiki ile. Lakini kumbukumbu ziliendelea kuonyesha kwamba pawa saplai ilikuwa imechoka, kwa maana ilishuka hadi 11.62 kila prosesa ilipofanya kazi nzito, hata umeme wa ukutani ukiwa mzima. Pawa saplai nzuri husimamia volteji yake bila kutikiswa na mabadiliko madogo ya ukutani. Sikuifungua, wala simshauri mtu kuifungua, kwani kapasita zake, vifaa vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Tuliagiza mpya kutoka Kampala, na tangu ifungwe namba hazijapita chini ya 11.90.

Baadaye niliongeza programu ya fancontrol, ili feni ya prosesa ifuate joto badala ya kupiga kelele siku nzima. Amri ya pwmconfig husimamisha kila feni kwa zamu ili ijue ipi inaitikia, kwa hiyo niliiendesha asubuhi mashine ikiwa baridi. Chini ya digrii 45 feni huenda polepole, na ikifika 75 huenda kwa nguvu zote. Mara moja, baada ya kerneli kuboreshwa, fancontrol ilikataa kuanza kwa sababu folda ya vipimo iliyokuwa hwmon2 imekuwa hwmon3. Niliendesha pwmconfig upya na jambo likaisha kwa dakika kumi. Fundi yule alipopita tena nilimwonyesha faili la kumbukumbu, mstari kwa mstari, naye akaomba nimmegee nakala ya faili langu la mipangilio kwa ajili ya mteja wake wa Tororo. Nilimpa, nikiwa nimefuta zile 12 na 5 na kuacha nafasi wazi, ili apime bodi ya mteja wake kwa multimita kwanza.