Aliyeniuliza nimesomea wapi amekuja kuniomba radhi

Jana nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na koti mwilini, viatu sijavua. Si kwamba nilichoka. Kuna mtu aliniomba radhi mbele ya wenzangu tisa, na kwa miaka minne niliyoishi Ujerumani jambo hilo halijawahi kunitokea.

Mimi ni fundi sanifu wa elektroniki, mtoto wa Ngamiani, Tanga. Niko kwenye taasisi ya utafiti, tunaunda vipande vya kigunduzi cha chembe vitakavyopelekwa CERN, maabara kubwa ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kule chini ya ardhi kuna njia ya mviringo ya kilomita 27, protoni, chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomu, zinakimbizwa humo na kugonganishwa, na vigunduzi ndiyo macho ya kuona kinachoruka. Mashine inaongezewa uwezo ili kuanzia mwaka 2030, kwa ratiba ilivyo, migongano iwe mingi zaidi kuliko leo. Macho ya zamani yameshachoshwa na mionzi, ndiyo maana tunaunda mapya.

Kazi yangu ni kushona. Bamba la silikoni la sentimita kama kumi kwa kumi, pembeni yake bodi ya saketi, na katikati napitisha waya wa alumini wenye unene wa mikroni 25. Unywele wako ni mnene kuliko huo mara mbili au tatu. Mashine inaubonyeza waya na kuutikisa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika mpaka ushikane na metali. Hakuna risasi ya kulehemu, hakuna moto. Kipande kimoja kinabeba nyaya elfu kadhaa, na nimevaa joho, barakoa na glavu kutwa nzima kwa sababu punje moja ya vumbi inatosha kuharibu.

Januari nyaya zikaanza kubanduka. Huwa tunazivuta kwa kindoano kidogo na kusoma zimekatika kwa gramu ngapi. Nyingine zilikuwa zinaachia bodi kabla hata hazijakatika. Tukaita kikao cha video na kiwanda kinachotutengenezea bodi. Mhandisi wao akauliza mashine inaendeshwa na nani. Nikasema ni mimi. Akauliza, "Umesomea wapi?" Nikamjibu, Tanzania. Kikapita kimya, kisha akashauri mwendeshaji arudishwe mafunzoni.

Naomba mnielewe hapa. Cheti changu kilikaa miezi kumi na moja ofisini kikisubiri kutambuliwa. Nimelipia tafsiri ya kila karatasi, mpaka ya matokeo ya kidato cha nne. Nimekaa darasani na wasichana wa miaka kumi na tisa nikijifunza Kijerumani, huku nyumbani nina mtoto anayelelewa na bibi yake. Halafu mtu ambaye hajawahi kuniona nikigusa kifaa ananipima kwa jina la nchi yangu! Niliumia, na usiku ule sikulala.

Sasa nimweleze mjomba wangu, maana ndiye aliyeniokoa. Alikuwa fundi redio. Kila redio iliyoingia dukani kwake iliandikwa kwenye kaunta buku: ya nani, inaumwa nini, kaweka kipuri gani, kanunua duka lipi na tarehe ngapi. Kipuri kikifa mapema alibeba kaunta buku mpaka dukani, na pale ukutani kuna kile kibao mnachokijua nyote: mali ikishauzwa hairudishwi. Anarudi na daftari lake na hasara yake. Lakini hakuacha kuandika, na mimi niliyekuwa namshikia tochi niliurithi ugonjwa huo. Hapa taasisi ina kompyuta za kila namna, na bado nina kaunta buku: namba ya bodi, siku, unyevu wa chumba, gramu za kila waya tuliouvuta.

Nikalifungua. Bodi mbovu zote zilitoka kwenye mafungu mawili ya uzalishaji. Za mafungu mengine, kwa mikono hiihii na mashine hiihii, zilikuwa nzima. Mkuu wangu, mama mmoja mpole lakini mkali wa kazi, akapiga picha kurasa zangu na kuzituma kiwandani. Wiki mbili kimya. Mimi nikajua kibao cha mali ikishauzwa kipo mpaka Ulaya.

Jana yule mhandisi akaja mwenyewe, safari ya saa sita kwa treni, na kumbukumbu za kiwanda chao mkononi. Katika wiki zile walibadilisha dawa ya kuoshea bodi, ikaacha utando usioonekana kwa macho juu ya tabaka la dhahabu la bodi, ambako waya unatakiwa ushike. Akasimama, akasema kosa ni lao, bodi zote wanatengeneza upya bila malipo. Kisha akanigeukia: "Na swali nililokuuliza siku ile halikuwa na heshima. Nisamehe." Baadaye akavuta kiti, akakaa pembeni yangu hadi jioni akiangalia ninavyoshona na kuuliza maswali kama mwanafunzi.

Niliporudi nikawaza kwa nini kiwanda kijisumbue hivyo kwa oda ndogo kama yetu. Nafikiri ni kwa sababu katika kazi hizi taasisi hainunui kitu kilicho tayari dukani. Wajapani wana kisa ambacho wakongwe wa kazini wanakisimulia sana. Karibu na 1980 Profesa Masatoshi Koshiba alikiendea kiwanda cha Hamamatsu akitaka balbu ya kunasa mwanga hafifu yenye kipenyo cha sentimita 50. Duniani haikuwepo. Wakaitengeneza, zikafungwa elfu moja hivi ndani ya tangi la maji mgodini Kamioka, na Februari 1987 zikanasa neutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, za nyota iliyolipuka nje kabisa ya galaksi yetu. Koshiba akapata Nobeli mwaka 2002. Lakini mimi kinachonigusa ni cha 2001: kwenye tangi kubwa lililofuata, lenye balbu zaidi ya 11,000, moja ilipasuka na kishindo chake kikavunja maelfu ya nyingine, zaidi ya nusu. Zilizofuata zikavishwa vifuniko vya kuzilinda, tangi likajazwa tena, kazi ikaendelea. Na hicho kigunduzi ninachokishonea, kinachoitwa CMS, kina fuwele 75,848 zenye metali za risasi na wolframu, zilizooteshwa Urusi na China kwa takriban miaka kumi. Huwezi kukaa na mtu miaka kumi ukiwa na kibao cha mali ikishauzwa ukutani.

Wadogo zangu mnaonijia inbox: njia ipo. Mafunzo ya ufundi ya hapa, Ausbildung, kwa kawaida yanakulipa wewe posho, hulipi ada, kwa hiyo wakala anayekudai mamilioni "ya nafasi" mkimbie. Anza lugha ukiwa huko huko, ufike angalau B1, yaani kiwango cha kati, na tunza kila karatasi ya chuo. Mshahara ukiubadilisha kuwa shilingi utashangilia. Ukitajiwa kodi ya nyumba utanyamaza, na juu yake amana ya hadi kodi ya miezi mitatu. Pia mjue taasisi zinaishi kwa fedha za miradi. Mkataba wangu unaisha Septemba na hakuna aliyeniambia lolote, radhi au bila radhi.

Usiku nilimpigia mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunipongeza. Aliuliza kama ule ukurasa wenye namba za bodi bado upo.

"Upo, mjomba."

"Usiuchane. Wakiutaka, wape nakala."

Alhamisi naenda kiwandani kwao kwa siku mbili, wamenialika niwaonyeshe mafundi wao. Daftari limeshaingia kwenye mkoba.