Makumbusho ya sayansi na familia nzima: kila mtu na mashine yake

Kabla hatujasafiri kwenda London na Paris nilimwambia kila mtu nyumbani aingie kwenye tovuti ya makumbusho achague kitu kimoja tu, akisome mpaka akielewe, tukifika yeye ndo atakuwa mwalimu wetu mbele ya hicho kitu. Mimi, mume wangu, watoto wawili na bibi yao, wote, hakuna aliyesamehewa. Na nashauri kila mzazi afanye hivi maana haya majengo ni makubwa mno jamani, Science Museum ya London ukitaka kuona kila kilichomo utatoka miguu imevimba na kichwani hakuna kilichobaki, watoto ndo kabisa, kila dakika wanauliza tunaondoka saa ngapi.

Mdogo alichagua chombo cha anga cha Wamarekani, Apollo 10, kipo London. Ni chenyewe kabisa, sio cha mfano, Mei 1969 kilizunguka mwezi na watu watatu ndani, hakikutua, kikarudi duniani kwa kasi inayokaribia kilomita 40,000 kwa saa. Mtoto akasimama pale anatuonyesha palivyoungua, anasema hewa ndo imekichoma. Baba yake akamuuliza hewa inachomaje kitu, akajibu kilikuwa kinaikandamiza kwa nguvu hewa iliyo mbele yake mpaka inapata moto mkali. Nilifurahi sana, kwa sababu hayo asingeyashika kwa kupita tu na kupiga picha.

Mkubwa yeye alitaka mashine ya hesabu ya Charles Babbage, mwanahisabati wa Uingereza, na hapa ndo tulikaa mda mrefu kuliko popote. Babbage aliichora kati ya 1847 na 1849 ila hakuijenga, makumbusho wenyewe ndo waliijenga kwa kufuata michoro yake, sehemu ya kukokotoa ikakamilika 1991 na ikafanya kazi! Umeme hamna, ni magurudumu ya meno yamepangwa kwenye nguzo, unazungusha mpini kwa mkono. Mtoto akatoa karatasi akaandika 1, 4, 9, 16, 25, akasema haya toeni tofauti zake, tukapata 3, 5, 7, 9, akasema toeni tena, tukapata 2, 2, 2. Basi ukitaka namba inayofuata unachukua ile tofauti ya mwisho, 9, unaongeza 2 inakuwa 11, afu 25 ukiongeza 11 unapata 36, yaani sita mara sita na hujazidisha popote, umejumlisha tu, na kujumlisha ndo kitu ambacho gurudumu la meno linaweza. Karatasi na kalamu msiache hotelini, vibao vya maelezo vinasema mashine inafanya nini lakini mtoto anaelewa akiandika mwenyewe.

Bibi ameshona nguo maisha yake yote, kwa hiyo Paris, kwenye makumbusho ya teknolojia, Musée des Arts et Métiers, alichagua mtambo wa kufuma vitambaa wa mvumbuzi Mfaransa Vaucanson wa karne ya 18. Akatueleza kwamba matundu ndo yanaamua nyuzi zipi zinyanyuke na zipi zibaki chini, ndo ua linatokea kwenye kitambaa, na baadaye Mfaransa mwingine, Jacquard, akaja na kadi zake za matundu zilizounganishwa. Hapo mkubwa akashtuka, "Bibi! Babbage alitaka kutumia kadi hizohizo kwenye mashine yake nyingine!" Kweli kabisa, ile mashine nyingine aliyoipanga, iliyofanana na kompyuta, ilikuwa ipewe maagizo kwa kadi za matundu. Hakuna aliyepanga hilo, mtambo wa kufuma na kompyuta vimekutana vyenyewe, na wale wawili wakaendelea kuongea mpaka sisi wengine tukatafuta pa kukaa.

Baba watoto alikuwa na ndege ya rubani Mfaransa Blériot iliyovuka bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza mwaka 1909, mimi nikawa na pendulamu ya mwanasayansi Foucault, lile tufe zito linaloning'inia kwenye waya kuonyesha kwamba dunia inazunguka. Foucault alilionyesha kwenye jengo la Panthéon, hapohapo Paris, mwaka 1851 kwa waya wa mita 67. Hii usiwasimamishe watoto waikodolee macho, watachoka, angalieni inabembea kuelekea wapi, nendeni kwingine, mrudi baadaye. Paris mwelekeo unageuka kama digrii 11 kila saa, kwenye ncha ya dunia ungemaliza duara kwa siku moja na kwenye ikweta haugeuki kabisa. Tuliporudi mdogo akaangalia akasema, "Mama, kwa hiyo ni sisi tuliozunguka?"

Ya mwisho ni ya tiketi. Arts et Métiers hufungwa Jumatatu, London kiingilio cha kawaida ni bure ila wekeni nafasi mapema mtandaoni, na muwahi mlango ukifunguliwa tu, maana vikundi vya shule vikiingia mtoto mfupi haoni kitu.