Sindano iliyopanda juu ya bega

Mwezi wa kumi mwaka jana nilichanjwa mafua kwenye duka la dawa hapa Columbus, Ohio. Kazi yangu ya kutunza wazee inadai hivyo kila mwaka. Mimi nimeketi, kijana amesimama. Sikuvua sweta. Nililivuta shingoni mpaka bega likachungulia, naye akachoma pale pale. Juu mno. Usiku ule nikashindwa kulalia ubavu wa kushoto.

Maumivu ya kawaida ya chanjo huisha siku mbili tatu. Yangu yalipita miezi mitatu. Kanga nilikuwa nashika pindo kwa meno, nazungusha kwa mkono mmoja. Kuchana nywele nikamwachia binti yangu.

Daktari wa mifupa alinionyesha kwa kidole: sindano huingia kwenye nyama nene ya mkono, vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Ikipanda, dawa hufika kwenye kifuko cha majimaji kilicho juu ya kiungo, pakavimba. Marekani imeliingiza jeraha hili kwenye orodha ya fidia ya serikali tangu 2017, na dai hufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Wenzangu wengi hawajui!

Mama akapiga simu toka Mombasa: "Usichomwe tena, mwanangu." Nikamwambia, mama, chanjo haina kosa. Msimu huu nilivaa blauzi isiyo na mikono, nikamwomba muuguzi naye aketi. Akavuta kiti, akapapasa mfupa, akashusha vidole, ndipo akachoma.