Nilivyopata mahali pa kubebea vifaa kwenye pikipiki ya magurudumu manne kwa gharama ndogo

Masanduku yanayotengenezwa mahsusi kwa pikipiki za magurudumu manne ni mazuri, lakini bei yake ilinizidi. Kazi nazo hazikusubiri: kukagua uzio, kukata matawi yaliyoanguka, kupeleka maji na zana mahali gari halifiki. Begi la mgongoni halifai kwa kazi hizo, maana linamvuta mwendeshaji nyuma kwenye mlima na kumyumbisha kwenye kona. Nikaamua fedha kidogo niliyo nayo yote iende kwenye mikanda, bolti na nati, na vyombo vyenyewe nivipate miongoni mwa vitu vilivyokwisha kazi yake ya kwanza. Chombo cha kubebea unaweza kukiokota popote. Kifungo kibovu ndicho kinachomwaga mzigo.

Kabla ya kufunga chochote nilisoma kibandiko cha uzito kwenye keria. Kwa pikipiki nyingi za ukubwa wa kati keria ya mbele hubeba takriban kilo 45, na ya nyuma karibu mara mbili ya hapo. Kitabu cha mwongozo kina kikomo kingine cha uzito wote kwa pamoja, na hapo mwendeshaji mwenyewe amehesabiwa, kwa hiyo mtu mnene na mzigo mkubwa wanaweza kuvuka kikomo hata kama keria hazijajaa.

Nyuma niliweka kreti la plastiki la chupa, lile lenye kuta ndefu na matundu. Matundu hayo ni faida kubwa: maji na tope hutoka yenyewe, na mkanda unaweza kupita popote unapotaka. Chini yake nilitandika kipande cha zulia la mpira la gari kilichochakaa, kisiteleze wala kisikwaruze chuma. Nililifunga kwa bolti nne, na hapa ndipo nisipokubali njia ya mkato. Plastiki hupasuka kuanzia kwenye tundu la bolti ikiwa washa, yaani pete bapa ya chuma inayokaa chini ya bolti au nati, ni ndogo, kwa hiyo nilitumia washa pana ndani ya kreti na kipande cha bapa la chuma chini ya keria. Nati ni zile zenye pete ya plastiki ndani, kwa sababu mtikisiko wa njia mbovu hulegeza nati ya kawaida upesi sana. Baada ya safari fupi ya kwanza nilirudi na spana nikakaza tena zote.

Ndani ya kreti huketi ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana. Peke yake ndoo huzunguka na kuanguka, lakini ikishikwa na kuta za kreti hutulia, na vitu vya huduma ya kwanza, kiberiti na nguo za kubadilisha hubaki vikavu hata mvua ikinyesha. Pembeni yake nina dumu la mstatili nililolikata ubavu mmoja, la kamba na minyororo. Chagua dumu lililobeba maji au mafuta ya kula. Lililobeba dawa za kuulia wadudu liache, na lililobeba petroli usilikate kwa mashine, kwani mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Vitu virefu vilinisumbua hadi nilipopata kipande cha bomba la PVC la milimita 110. Upande mmoja niligundisha kizibo, upande wa pili nikaweka cha kufungua kwa kuzungusha, nikatoboa tundu dogo chini la kutolea maji, kisha nikalibana kwenye keria kwa klipu za chuma. Msumeno wa mkono na vyuma vya hema hukaa humo bila kugongana. Nimeliweka upande usio na ekzosi, kwa kuwa joto la sailensa hulainisha plastiki.

Kamba za mpira zenye ndoano sizitumii kwa mzigo mzito. Mzigo ukiruka, ndoano huchomoka na inaweza kumpiga mtu jichoni. Tena jua huuchosha mpira. Kwa vitu vyepesi nakata vipande vya tyubu kuukuu na kuvifunga kwa fundo. Kwa vizito natumia mikanda ya racheti, ile inayokazwa kwa mkono wa chuma wenye meno, na ncha inayobaki lazima ifungwe, isije ikajizungusha kwenye gurudumu.

Petroli ya akiba ndiyo sikuitafutia njia ya mkato: nilinunua dumu lililotengenezwa kwa petroli. Hulishusha chini kila ninapolijaza, kwa sababu umeme tuli unaweza kuwasha mvuke likijazwa juu ya keria.

Mbele naweka vyepesi tu, turubai na koti, chini ya mwanga wa taa na mbali na radieta, ambayo katika baadhi ya pikipiki imepandishwa juu ya keria. Vizito vyote vinakaa nyuma, chini kabisa na karibu na kiti. Ukivisogeza mwisho wa keria, mlimani magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haukutii. Nikibeba mzigo mzito natazama pia upepo wa matairi. Matairi haya hujazwa kidogo sana, mara nyingi karibu psi 5, na kibandiko chake huonyesha kiwango cha kufuata.

Spana nazo zilikuwa zikipiga kelele ndani ya ndoo. Nilikata mguu wa suruali nzito ya zamani, nikashona mifuko myembamba, kila spana ikapata yake, kisha nikaukunja na kuufunga kwa kipande cha tyubu. Sasa nikisimama porini naukunjua juu ya kiti na kuona mara moja spana ipi haijarudi.