Kushuka Nyari, Marafa: fika saa kumi

Korongo la Marafa, kaskazini mwa Malindi, wenyeji huliita Nyari. Kutoka Malindi unavuka daraja la mto Sabaki, kisha unaiacha barabara ya Lamu na kuingia bara. Ni kama kilomita 30.

Wengi huenda saa sita mchana, na hapo ndipo wanapokosea. Jua la utosi hufifisha rangi, na kule chini kuta huzuia upepo, joto likakaba. Fika saa kumi alasiri, ushuke na kuzunguka kwa utaratibu, kisha upande juu kabla ya machweo. Mwanga wa jua lililoinama ndio unaotenga matabaka: jeupe, waridi, rangi ya chungwa, na jekundu lililoiva kwa kutu ya chuma.

Mwamba wenyewe ni mchanga ulioshikamana kidogo tu. Ukiukwangua kwa ukucha unamomonyoka. Kwa hiyo usisimame ukingoni kupiga picha, wala usipande nguzo zake za mchanga zilizo kama vichuguu. Mvua ikinyesha, njia huteleza vibaya; ahirisha. Vaa viatu vyenye meno, beba maji lita mbili na tochi, na umchukue mwongoza wageni wa pale kijijini.