Siku niliyopeleka hukumu ya Jaji Mwalusanya kwenye kikao cha ukoo

Hii ilikua Desemba 2009. Nilikua naishi Mwanza, nimepanga chumba na sebule Nyakato, nina miaka mitatu tu tangu niapishwe uwakili, na ofisi niliyokua nafanyia kazi hela yake ilikua ya kubana sana ila ilikua na kitu kimoja nilichokipenda kuliko mshahara, kabati la hukumu za zamani. Mafaili yana vumbi, mengine karatasi zimeshaanza kua za njano, na jioni wenzangu wakiondoka mimi nabaki nasoma. Toka mdogo niko hivyo, gazeti lililofungia vitumbua nalisoma mpaka mwisho, redio ya taarifa ya habari siruhusu mtu aizime, mzee akianza kusimulia mambo ya mila ya zamani nakaa chini nasikiliza. Watu ofisini walikua wananiuliza mbona unahangaika na mambo ya ngoma na historia na siasa wakati wewe ni mwanasheria, nikawa siwaelewi kabisa, kwasababu mimi naona ni kitu kimoja. Kesi inatoka kwa watu. Ukiwa huwajui watu utaielewaje?

Na mwaka ule ulikua mzito. Septemba Mahakama Kuu ilikaa Kahama ikawahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, sisi mawakili wa kanda ya ziwa hatukua na habari nyingine ya kuongea. Novemba marais wakasaini Arusha itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki, na kila kijiwe cha kahawa Mwanza swali likawa moja tu, ardhi yetu je? Kumbuka hili la ardhi, linarudi mbele.

Basi siku moja shangazi yangu akapiga simu. Shangazi ni dada yake baba, alikua anaishi kijijini kwetu, wilaya ya Muleba, kule juu upande wa Kamachumu. Aliolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani, na ndiye aliyemuuguza babu mpaka siku ya mwisho. Babu kabla hajafa aliandika wosia, mbele ya mashahidi, kwamba kibanja cha nyumbani, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, ni cha huyu binti yake. Wanaume walishapewa vyao. Hakuna aliyebisha, miaka ikaenda, shangazi akalima migomba yake na mibuni yake kwa amani. Sasa alikua amezeeka, mguu umemharibikia, hospitali wamemwambia ni upasuaji na gharama yake yeye hana, watoto hakujaliwa. Akapata mwalimu mmoja wa shule ya jirani, mtu wa mkoa mwingine kabisa, akakubali kununua sehemu ya chini ya kibanja kwa milioni moja na nusu. Ukoo uliposikia ukawaka moto. Mwanamke hauzi kibanja cha ukoo, basi, wakaitisha kikao Jumamosi.

"Mwanangu," akaniambia kwenye simu, "si ulisema una sheria? Njoo nayo."

Nilijua nabeba nini. Kwenye lile kabati kulikua na hukumu ya Mahakama Kuu ya Mwanza ya Februari 1990, rufaa namba 70 ya mwaka 1989, Jaji James Mwalusanya. Kila aliyesoma sheria Tanzania anaijua. Mama mmoja wa hukohuko Muleba, mzee, alirithi shamba la ukoo kwa baba yake kwa wosia, mwezi wa nane 1988 akaliuza kwa shilingi laki tatu kwa mtu asiye wa ukoo, na kesho yake tu mwanaume wa ukoo wake akakimbilia mahakama ya mwanzo kudai uuzwaji ule ni batili. Mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya wilaya ikakataa. Ikapanda mpaka Mwanza. Mila ya Kihaya, na lile Tangazo la Serikali namba 436 la 1963 lililoandika mila za urithi, vinasema mwanamke anaweza kupewa shamba la ukoo alitumie maisha yake yote ila hana ruhusa ya kuuza. Mwalusanya akasema hapana. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani 1988, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi, kwahiyo mila inayompa mwanaume ruhusa ya kuuza na kumnyima dada yake haiwezi kusimama. Katiba ilikua bado mbichi kabisa na huyu jaji akaichukua akaenda nayo moja kwa moja mpaka kwenye mgomba. Mimi mpaka leo nikiisoma mwili unanisisimka.

Nikatoa kopi, nikapanda meli ya kwenda Bukoba Ijumaa usiku, daraja la tatu, kulala hakuna. Watu wa kwetu tukiwa kwenye ile meli usiku hatuongei sana, kila mmoja ana mtu aliyempoteza MV Bukoba ilipozama Mei 1996 au anamjua aliyempoteza. Alfajiri nikashuka Kemondo, nikapanda haisi, nikapanda bodaboda, saa nne nimefika.

Walikua wameshakaa. Wanaume kama kumi na tano ndani, chini yametandikwa majani, kahawa ya kutafuna inazunguka kwenye kikapu kidogo, kuna lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu ila haijaguswa. Wanawake nje chini ya mgomba karibu na dirisha, na shangazi mlangoni kabisa, si ndani si nje, mguu ameunyoosha. Mkuu wa kikao alikua babu mdogo, mdogo wake babu yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, amevaa koti la suti juu ya kanzu. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akaniuliza habari za Mwanza, za meli, za kazi, hakuna haraka. Halafu akasema, "Haya mjukuu wangu, tumesikia umekuja na karatasi. Isome."

Hapo ndipo nikakutana na jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo njia nzima. Hukumu ni ya Kiingereza. Inawahusu wao, shamba ni la wilaya yao, mila ni yao, na mle ndani mtu wa kuisoma ni mimi peke yangu. Nikaanza kutafsiri sentensi kwa sentensi, mimi naitoa kwa Kiswahili, baba yangu mdogo anawageuzia wazee Kihaya, na pale kwenye ile haki ya kutumia bila kumiliki nikakwama kabisa, chuo tunalo neno lake ila ni la Kilatini, litawasaidia nini. Nikasema ni kama kupewa mgomba ule ndizi zake mpaka ufe lakini usiukate wala usimpe mtu. Wanawake nje wakacheka kwa sauti, mmoja akasema sasa hiyo si ndiyo sisi. (Mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa Kiswahili kikawa ndio lugha ya mahakama, na kabla ya hapo Jaji Galeba kule Musoma alishaandika hukumu kwa Kiswahili, nilikaa ofisini nikaikumbuka hiyo asubuhi yote. Watu wengine waliliona ni suala la siasa. Mimi nilikiona kile chumba.)

Nilipofika pale jaji anaposema wanaume na wanawake sasa wana haki sawa ya kurithi na kuuza, nikaishusha karatasi. Nilidhani nimemaliza.

Babu mdogo akatafuna kahawa yake taratibu. Akasema, "Redio inasema mmefungua mipaka. Mganda akija na hela kesho, huyu mwalimu akimuuzia, nani atamzuia? Mwaka 78 Amin alikuja na vifaru tukamwona. Mwenye hela utamwonaje?"

Hilo nilikua nalo, asante gazeti. Nikamweleza kwamba Tanzania ilikataa ardhi kuingizwa kwenye ile itifaki, mambo ya ardhi yamebaki kwenye sheria za kila nchi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu mgeni kumilikishwa ardhi isipokua kwa uwekezaji. Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Naona hili ndilo lililonipa heshima mle ndani kuliko hukumu yenyewe, kwamba nalijua linalowakosesha usingizi.

Halafu akauliza swali la pili. "Huyo jaji wako. Shangazi yako amempa haki, sawa, nimesikia. Na ukoo ameuweka wapi? Kaka yangu kazikwa pale juu. Baba yetu kazikwa pale. Mimi nitazikwa pale. Jaji amesema nini kuhusu sisi?"

Sikua na jibu. Nitasema ukweli, mimi chuo niliisoma hii hukumu mara nyingi, nikaiandikia mtihani, na kichwani nilikua na nusu yake tu, ile nusu ya Katiba, ile ya kushangilia. Nikasema babu naomba dakika. Chumba kizima kimya, nasikia kuku tu nje, na mimi nafungua karatasi za mwisho vidole vinatetemeka.

Na ipo. Jaji hakuufuta ukoo. Anasema mila yenyewe ilivyo, mwanaume akiuza shamba la ukoo kwa mtu baki bila ukoo kukubali, ndugu yeyote wa ukoo anaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi hela yake. Basi na iwe hivyohivyo kwa mwanamke. Akampa yule mwanaume aliyekata rufaa miezi sita, lete laki tatu chukua shamba, ukishindwa shamba ni la mnunuzi. Yaani alichokifanya ni kuwaweka dada na kaka kwenye mstari mmoja, faida zake na mipaka yake.

Nikasoma polepole. Baba mdogo akageuza. Nikaona mzee mmoja aliyekua amenipa mgongo toka nimeingia anageuka.

"Kumbe alikua anatujua," babu mdogo akasema.

Kuanzia hapo kikao kikawa kingine, wakaacha kuuliza kama shangazi ana haki ya kuuza, wakaanza kuuliza nani ana hela. Haikua rahisi jamani, palikua na maneno makali sana, kijana mmoja wa ukoo alisema huyu mama akafe na mguu wake na mimi nikasimama nikamjibu kwa sauti ambayo msichana hatakiwi kuitumia mbele ya wazee, babu mdogo akanitazama tu hakunikanya. Kuna aliyetaka shangazi apunguziwe bei kwasababu ni ndugu. Nikakataa. Nikasema hukumu inasema hela aliyotoa mnunuzi, na huku mwalimu ameahidi milioni moja na nusu, basi ukoo ukiitaka sehemu ile ulete milioni moja na nusu, hospitali haina bei ya ukoo. Wakatoa daftari. Huyu elfu hamsini, huyu laki baada ya kuuza kahawa, wakapiga simu Dar, wakapiga Mwanza, mpaka waliokua wamehamia Karagwe. Shangazi akawapa mpaka Pasaka, zaidi ya hapo mguu haungoji. Na mwalimu, ambaye kwakweli alikua mtu mstaarabu sana, alipoambiwa akasema atasubiri, ukoo ukishindwa atanunua, ukiweza hana kinyongo.

Lubisi ikamiminwa. Wanawake wakaingia ndani.

Pasaka ya 2010 nikapanda meli tena. Hela ilikua imetimia, nyingine imekuja kwa M-Pesa, nyingine ni noti zimekunjwa mpaka zinanuka moshi. Tukaenda ofisi ya mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji akiwepo, mashahidi pande zote. Katibu wa ukoo alikua ameshaandika karatasi ya mauziano nyumbani kwake kwa mwandiko mzuri kabisa, akanipa nimsomee shangazi kwasababu macho yake nayo yalishaanza kuchoka. Nikasoma. Ilikua imeandikwa kwamba ukoo umechukua sehemu ya kibanja chake na kumpa bibi fulani msaada wa matibabu shilingi milioni moja na laki tano.

Shangazi akanishika mkono. "Soma tena hapo kwenye msaada."

Nikasoma tena.

Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka mezani mbele ya katibu. Akasema, "Andika upya. Andika mimi nauza, wao wananunua."

Katibu akamtazama babu mdogo. Babu mdogo akasogeza kiti, akasema andika anavyosema mwenye kibanja. Tukasubiri kama nusu saa hivi, mwandiko ule ule mzuri, halafu mtendaji akafungua kile kidude cha wino wa muhuri, shangazi akabonyeza dole gumba lake pale palipoandikwa MUUZAJI, akaliangalia, akapuliza ule wino mpaka ukakauka.